Mwanafunzi afunzwe kutambua na kuripoti dhuluma

SHERIA ya Makosa ya Kingono ya 2006 humwadhibu mwalimu anayetumia wadhifa wake kumshawishi mwanafunzi kushiriki ngono kwa kifungo kisichopungua miaka 10. Lakini haimkingi mtoto asiyejua kwamba anadhulumiwa.

Hivyo, mafunzo shuleni huanza na utambuzi: kupapaswa, maneno ya aibu, kuahidiwa alama kwa siri, au kudunishwa kwa sababu ya kabila, dini au ulemavu. Kisha hufuata njia za kuripoti: mwalimu anayeaminika, mzazi, polisi, au nambari 116 isiyotozwa malipo.

Waraka wa Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC) wa 2010 unamtaka mwalimu anayeshuku dhuluma ya kingono aripoti katika muda wa saa 24. Mwanafunzi akilifahamu hilo, hatakubali kuambiwa jambo limalizwe kimyakimya.