Fani ya Mhusika: Funge au Huru?

Ipo michezo ya intaneti ambamo mchezaji huvaa uhusika wa mtu mwingine na kusafiri katika nchi ya kubuni pamoja na maelfu ya wenzake. Katika mingi ya michezo hiyo swali la kwanza huja kabla mhusika hajapiga hatua: atakuwa mpiganaji wa upanga, mwindaji, mlozi au mponyaji? Kila jibu lina silaha zake, mavazi yake na uwezo wake, na mara nyingi likishatolewa halirudishwi. Waingereza huita jambo hilo class. Kijana wa Lusangi, upande wa Kasongo na Kabambare kusini mwa Maniema nchini Kongo, husoma classe iwapo simu yake imewekwa Kifaransa. Kiswahili nacho kinahitaji jina, na jina tutakalolichagua litaonyesha tumesimama wapi katika ubishi wa siku nyingi: je, ni haki kumfunga mhusika katika fungu moja tangu anapoumbwa hadi mwisho?

Mfasiri mwenye haraka atasema darasa. Tuliache hilo. Darasa ni mahali pa kufundishwa, na walozi wawili wa mchezo mmoja hawajakaa dawati moja.

Tabaka lina mvuto zaidi, ndiyo sababu nalihofia zaidi. Tabaka ni hadhi ambayo jamii humvika mtu, apende asipende. Maniema inalijua kwa uchungu. Kasongo ilikuwa makao ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, tangu miaka ya 1870, na mpaka majeshi ya Dola Huru la Kongo yalipouteka mji Aprili 1893, watu wake walipimwa kwa hadhi: huku waungwana, kule watumwa na mateka. Kiswahili cha huku chenyewe kimeitwa Kingwana kutokana na waungwana hao. Waliovuka mpaka huo walikuwapo. Ngongo Lutete alitekwa utotoni akawa mtumwa, akajipatia uhuru kwa ushujaa wa vita, akainuka kuwa mkuu wa jeshi chini ya Tippu Tip, kisha mwaka 1892 akahamia upande wa Wabelgiji, ambao walimwua kwa risasi mwaka uliofuata. Maisha kama hayo yanaonyesha tabaka lilivyo: hakuna aliyemwuliza Ngongo anataka kuwa nani, na kila hatua ya kutoka aliilipia kwa vita. Mchezaji anayechagua ulozi kwenye skrini hajafanyiwa jambo la namna hiyo. Kuuita uchaguzi wake tabaka ni kulipunguzia neno hilo uzito ambao wazee wetu waliubeba.

Daraja nalo limependekezwa. Hapa jirani tu, kwa Walega wa Pangi na Shabunda, kuna bwami, chama ambamo mwanamume huanza ngazi ya kongabulumbu na kupanda hadi kindi, na wanawake wana ngazi zao. Anayepanda katika bwami hupita njia waliyopita waliomtangulia. Tofauti kati yao ni kimo. Michezo nayo ina kimo cha namna hiyo, mhusika wa daraja la 5 au la 20, na kimo hicho kimekaa pamoja na class tangu mwanzo. Kwa hiyo daraja lina kazi yake tayari, tusilitwishe mzigo wa pili.

Nilipolitafuta neno nilirudi kwenye misafara. Msafara uliotoka Kasongo ukipitia Kabambare hadi Ziwa Tanganyika, ukavuka kwenda Ujiji, kisha Tabora na pwani, usingefika bila kugawana kazi. Kirangozi alitangulia kuonyesha njia. Wanyapara walisimamia makundi, askari walishika bunduki, wapagazi walibeba mizigo ya frasila mbili hivi, yaani kilo zaidi ya 30. Kila mmoja alijua anachotegemewa, na wageni waliokutana jana waliweza kwenda pamoja leo kwa sababu hiyo. Mpagazi wa Kinyamwezi alipatana ujira wa safari, na safari ilipokwisha alirudi kwao kulima. Upagazi ulikuwa ujuzi wenye heshima yake, na haukumfuata hadi shambani. Lakini katika misafara hiyohiyo walikuwamo waliofungwa minyororo na kutwishwa pembe za ndovu. Hao hawakuwa na fani. Walichokuwa nacho ni tabaka.

Fani ndilo neno langu. Tumelipata kutoka Kiarabu, na tunalitumia kwa ujuzi ambao mtu ameuingia na kuukomalia: fani ya ushonaji, fani ya uashi, fani ya uuguzi. Mtu huchagua fani, na akitaka huongeza ya pili. Walimu wa fasihi watakumbusha kwamba kwao fani huandamana na maudhui, nayo ni umbo la kazi ya sanaa. Ni kweli, ila fani ya shairi na fani ya mlozi hazitakutana katika sentensi moja zikamchanganya msomaji. Kazi, ambalo wengine wangelipenda, ni pana mno: kuponya ni kazi ya mponyaji, na kuua joka ni kazi aliyopewa jioni hii.

Sasa ubishi wenyewe. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliokuwa na fani tatu tu: mpiganaji, mlozi na kasisi. Mwizi aliongezwa mwaka uliofuata. Mwaka 1978 RuneQuest ikaja bila fani kabisa. Mhusika alikuza stadi mojamoja kwa kuzitumia, akipiga upanga upanga unakua, akinyemelea unyemeleaji unakua. Huo ndio mfumo wa stadi, na neno hili tunalo tayari katika stadi za maisha zinazofundishwa shuleni. Mifumo hiyo miwili ilihamia kwenye intaneti na ubishi wake. EverQuest ya mwaka 1999 na World of Warcraft ya mwaka 2004 zilichukua fani. Ultima Online ya mwaka 1997 na RuneScape ya mwaka 2001 zilichukua stadi.

Wanaotetea kufunga fani wana hoja nzito. Ultima Online ilimpa kila mhusika alama 700 azigawe apendavyo, na stadi moja ilikamilika kwa alama 100. Ungetarajia watu wa kila namna. Badala yake wengi walikimbilia mchanganyiko mmoja wenye nguvu kuliko yote, mlozi anayestahimili mapigo kama mpiganaji, na uhuru ule ukazaa fani ambayo hakuna aliyeiandika. Tena fani hutuliza hofu ya mgeni. Katika World of Warcraft kikosi kidogo ni cha watu watano: mmoja wa kupokea mapigo, mmoja wa kuponya, watatu wa kushambulia. Mwishoni mwa mwaka 2009 mchezo huo ulianza kuwakusanya watano hao wenyewe, watu wasiofahamiana, wakaingia vitani bila kuhojiana. Hilo lisingewezekana kama mtu angefika mahali akiwa hajulikani anajua nini.

Nakubali yote hayo, na bado nasema kufunga fani maisha mazima ni kosa. Hoja ya kutegemeana inadai kwamba mponyaji asigeuke mlozi katikati ya vita. Haidai chochote kuhusu kesho yake. Anayefunga daima hutoza gharama ambayo kikosi hakikuihitaji, na gharama hiyo haiwaangukii watu sawa. Mwenye mtandao wa nyumbani usiokatika, akichoka na fani yake, huumba mhusika mpya na kuanza upya bila hasara kubwa. Anayenunua mega za intaneti kidogokidogo kwa pesa ya kuuza mchele, akachaji simu kwa jirani mwenye sola, ameweka miezi mingi kwa mhusika mmoja. Kumwambia aanze kutoka daraja la 1 ni kumwambia aache.

Dawa ipo na imejaribiwa. Final Fantasy XIV, ilivyotolewa upya mwaka 2013, humruhusu mhusika mmoja kujifunza fani zote. Akibadili silaha mkononi amebadili fani, na kila fani ina daraja lake analolipanda kwa jasho. Ndani ya pambano fani imefungwa, nje yake iko wazi. Albion Online, inayochezwa hata kwenye simu, imekwenda mbali zaidi: mtu huwa kile alichovaa. Hapo vikosi havikuvunjika, na watengenezaji hawakupoteza mizani ya nguvu, kwa kuwa bado wanapima fani mojamoja.

Kwa hiyo istilahi zinahitaji jozi. Isiyobadilika daima iitwe fani funge, kama wanasarufi wasemavyo silabi funge. Ile inayobadilishwa kati ya safari na safari iwe fani huru. Mchezo wa namna ya RuneQuest ni mchezo wa stadi, hauna fani. Fungu la mtu kikosini, tofauti na fani yake, ni jukumu: fani mbili mbalimbali zaweza kushika jukumu moja la kuponya. Anayesimama mbele kupokea mapigo, ambaye Kiingereza humpa jina la gari la vita, tumwite kifaru, kwa sababu ndilo jina ambalo Kiswahili kimelipa gari hilohilo.

Mponyaji ndiye mgumu kidogo. Mganga lingekuwa fupi na tamu, lakini pwani neno hilo humleta kwanza mtu wa dawa za asili, na huku Maniema munganga ni daktari wa hospitali. Mimi ningelichukua hata hivyo, maana katika mchezo atibuye kwa mitishamba na atibuye kwa maarifa ya hospitali wanashika jukumu moja, na msomaji wa Kasongo na wa Tanga kila mmoja atamwona mtu anayemfahamu.