Masomo Mawili katika Shahada Moja

Wahenga walisema, "Mshika mbili, moja humponyoka." Kwa methali hii wazee wengi huwaonya vijana waendao chuo kikuu wasichukue masomo mawili au matatu katika shahada moja, wasije wakarudi nyumbani na nusu ya hili na nusu ya lile. Je, msomaji, onyo hilo ni la haki? Historia ya elimu katika Afrika ya Mashariki inalo jibu. Jibu hilo lawahusu hasa wanafunzi wa shule za mbali, kama wale wa Korbesa, upande wa Merti katika Kaunti ya Isiolo, ambako watu wengi huishi kwa mifugo na walimu ni haba.

Kwanza fahamu ya kuwa kuchanganya elimu si jambo la kigeni. Waborana, ambao ndio wenyeji wa nchi hiyo, wana kalenda yao yenye miezi 12 na majina 27 ya siku. Mtaalamu wa kalenda hiyo huitwa ayyantu. Yeye hutazama jinsi mwezi unavyokaribiana na nyota fulani, huhesabu siku kwa kichwa bila ya kuandika, tena hujua ni siku ipi yenye heri kwa shughuli ipi. Chuoni tungesema kwamba ana elimu ya nyota, ya hesabu na ya mila. Kwake yeye hiyo ni kazi moja, wala haitimii ikiondolewa sehemu yake yoyote.

Katika vyuo vikuu vya kale vya Ulaya, kama vile Paris na Oxford, mambo yalikuwa karibu na hayo. Mwanafunzi alipitia kwanza sarufi, ufasaha wa kusema, mantiki, hesabu, jiometri, muziki na elimu ya nyota. Ndipo alipoweza kuingia katika sheria, uganga au dini. Baadaye, hasa katika karne ya 19, elimu ilipanuka mno hata ikawa vigumu kwa mtu mmoja kuikumbatia yote, na bingwa wa somo moja akazidi kuheshimiwa. Waskoti walishika desturi ya masomo mengi, ilhali Waingereza walizidi kuipendelea shahada ya somo moja.

Desturi hiyo ya Waingereza ilifika kwetu kwa njia ya Makerere. Chuo hicho, kilichoanzishwa mwaka 1922 kikiwa shule ya ufundi, kilifungamana na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, kikaanza kutayarisha wanafunzi kwa shahada za London. Palikuwa na shahada ya jumla, yenye masomo matatu, na shahada ya somo moja kwa wachache waliochaguliwa. Kwa hiyo ilikuwa rahisi kudhani kwamba mwenye masomo mengi ni mtu wa daraja la pili.

Lakini tazama jambo hili. Mwaka ule ule wa 1949, mwalimu mmoja wa Tanganyika, Julius Nyerere, alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, kule Uskoti. Hakusoma somo moja. Alisoma fasihi ya Kiingereza, historia ya Uingereza, uchumi, elimu ya jamii za watu, sheria ya katiba na falsafa ya maadili, akapata shahada yake mwaka 1952. Mwaka 1954 alikiongoza chama cha TANU, na mwaka 1961 nchi yake ikawa huru. Aliyesoma katiba alihitajiwa kuunda serikali. Aliyesoma uchumi na maadili aliandika juu ya ujamaa. Na aliyesoma fasihi aliifasiri kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare iitwayo Julius Caesar, ikachapwa mwaka 1963. Wote hao walikuwa mtu mmoja.

Mfano wa pili ni wa Wangari Maathai. Katika chuo kimoja cha Kansas, Marekani, somo lake kuu lilikuwa biolojia, na kando yake alisoma kemia na Kijerumani. Alimaliza mwaka 1964. Mtu angeweza kuuliza, "Kijerumani kitamfaa nini msichana wa Nyeri?" Mwaka 1967 alikwenda Ujerumani kufanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Giessen, na lugha ile haikupotea bure. Mwaka 1971 alipata udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi kwa elimu ya maumbile ya viungo vya wanyama. Angalia mpango wake: alianza kwa upana, akamalizia kwa kina.

Hapa Kenya sababu nyingine ilizidi kuwa na nguvu, nayo ni uhaba wa walimu. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 shule za sekondari ziliongezeka upesi. Chuo cha Kenyatta, kilichofunguliwa mwaka 1965 katika kambi ya zamani ya jeshi huko Kahawa, kilipokea wanafunzi 200 wa kwanza wa shahada ya ualimu mwaka 1972. Katika shahada hiyo mwanafunzi husomea ualimu pamoja na masomo mawili ya kufundisha, na Tume ya Kuwaajiri Walimu hutaka mwalimu wa sekondari awe na masomo mawili.

Piga hesabu uone maana yake. Shule ndogo yenye masomo 10, ikiwa kila mwalimu anajua somo moja tu, yahitaji walimu 10. Kila mmoja akijua mawili, hata watano waweza kuyafikia yote, ingawa kwa taabu. Katika mji mkubwa tofauti hiyo ni ya fedha tu. Katika shule ya mbali, tofauti hiyo ndiyo huamua kama mtoto atasoma fizikia au hataisoma kabisa.

Hata hivyo, msomaji, usidanganyike kwamba upana hauna gharama. Saa za mwanafunzi ni zile zile. Akizigawa kwa mawili, kila somo hupata pungufu. Atakaye kuwa mtafiti hana budi kuchagua moja baadaye na kulichimba, kama alivyofanya Maathai. Tena masomo yasiyosaidiana hayana faida sana yakifungwa pamoja. Hisabati huitegemeza fizikia. Kemia huifungua biolojia. Historia humpa msomi wa Kiswahili habari za watu waliokisema na kukiandika.

Kwa hiyo methali yetu si ya uongo, ila ni onyo kwa yule ashikaye mbili zinazovutana. Siku utakapojaza fomu ya chuo kikuu, usiulize ni masomo gani yaliyo rahisi. Jiulize ni lipi litakalolitia nguvu lile lingine, na ni shule ipi, huko kwenu, inayongoja mtu anayeyajua yote mawili.