Kiswahili cha Kambi na Kiswahili cha Jukwaa: Mfano wa Mashariki mwa Uganda

Mara nyingi tunapofundisha historia ya Kiswahili nchini Uganda tunaanza na magavana na tume za elimu, kisha tunamalizia na katiba. Njia hiyo si mbaya. Kasoro yake ni kwamba inawaacha nje watu waliokisema Kiswahili bila kungoja ruhusa ya mtu. Katika makala haya tunapenda kupita njia nyingine. Tutaanzia kwenye albamu moja ya muziki, kisha turudi nyuma kuangalia lugha iliyomo ndani yake imefikaje hapo.

Albamu yenyewe ni Yallah Beibe ya MC Yallah, iliyotolewa mwaka 2023 na lebo ya Hakuna Kulala ya Kampala. MC Yallah alizaliwa Kenya na kukulia Uganda, na alianza muziki wa kufokafoka mwaka 1999. Hufoka kwa Kiganda, Kiluo, Kiswahili na Kiingereza. Albamu yake ya mwaka 2019, aliyoifanya pamoja na mtayarishaji Debmaster, iliitwa Kubali. Katika Yallah Beibe midundo ilitengenezwa na Debmaster, Scotch Rolex kutoka Japani na Chrisman kutoka Kongo. Aidha, yumo Lord Spikeheart wa Nairobi, mwimbaji anayepayuka kwa mtindo uliotokana na roki kali ya panki na metali. Hivyo hip hop, panki na ushairi wa kughani vimewekwa chungu kimoja. Msikilizaji aliyezoea taarabu atashtuka, lakini akituliza sikio atamsikia mghani anayepima mizani yake kwa makini.

Kwa mwalimu wa lugha, hata majina tu yanatosha kwa kipindi kizima. Kubali ni kitenzi cha amri ambacho mwanafunzi wa mwezi wa kwanza anakielewa. Hakuna Kulala ni sentensi kamili ya ukanushi yenye kitenzi-jina. Kundi alilokuwamo Lord Spikeheart, lililotoa albamu yake mwaka 2020, liliitwa Duma. Msomaji wa Kiswahili atamwona mnyama mwenye mbio, kumbe wenyewe walieleza kuwa wamelitoa katika Kikikuyu kwa maana ya giza.

Sasa turudi nyuma. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika elimu na utawala wa Uganda. Kabaka Daudi Chwa alipinga mwaka 1929, akihofia hatima ya Kiganda. Wamisionari wengi nao hawakukitaka, kwani walikihusisha na Uislamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Kiswahili kiliondolewa shuleni, lakini kilibaki katika jeshi na polisi. Uamuzi huo ndio uliokipa sura mbaya kwa miaka mingi. Lugha iliyofukuzwa darasani ikabaki mdomoni mwa mwenye bunduki.

Jinja ililiona jambo hilo kwa karibu. Hapo palikuwa na kambi ya jeshi la King's African Rifles, na hapo ndipo askari walipoasi Januari 1964 wakidai mishahara bora. Idi Amin, aliyetoka katika jeshi hilo, alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Wengi wakazidi kukiogopa. Mwaka 1979 majeshi ya Tanzania yaliingia pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, nayo yakaacha neno "saba saba", jina ambalo Waganda waliupa mzinga mkubwa wa vita hivyo.

Hata hivyo, kambi si habari yote. Karibu na Jinja kuna mashamba ya miwa ya Kakira, yaliyovuta vibarua wa makabila mengi, na watu wa namna hiyo huhitaji lugha ya kusikilizana. Mbale iko jirani na mpaka wa Kenya, na biashara ya mpakani haina mkalimani. Mtu akishika barabara ya Kamuli kutoka Jinja hufika Buwenge, mji mdogo ambako nyumbani husemwa Kisoga na shuleni Kiingereza. Kwa mtoto wa mji kama huo, Kiswahili kinaweza kuwa lugha ya dereva wa lori, ya askari, na ya wimbo. Hakikuwa lugha ya mwalimu.

Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Miezi miwili baadaye, katika wilaya ile ile ya Jinja, kulitokea jambo ambalo sisi walimu tusingelibuni. Bunge lilijadili kulizuia tamasha la Nyege Nyege, lililoanzishwa Jinja mwaka 2015 na watu wale wale walioanzisha lebo ya Hakuna Kulala. Hoja ya wabunge ilikuwa maadili, kama ilivyokuwa kwa waziri wa maadili mwaka 2018. Hatimaye serikali iliruhusu kwa masharti, na tamasha likafanyika kwenye maporomoko ya Itanda, Septemba 2022. Waandaaji hueleza kuwa jina hilo limetoka katika Kiganda, na maana yake ni hamu ya kucheza ngoma isiyozuilika. Katika Kiswahili, neno hilo mwalimu halitamki darasani bila kukohoa. Nchi iliyokuwa imetoka kukikubali Kiswahili shuleni ilikuwa na tamasha lake kubwa lenye jina ambalo Mswahili angelitafsiri vingine kabisa.

Tunacheka, lakini jambo lenyewe ni zito. Uganda ina uhaba wa walimu wa Kiswahili, na wanafunzi wengi huingia darasani na hofu waliyorithi kwa babu zao. Tukianza kwa kuwaambia kuwa Kiswahili wanachokijua ni kibovu, cha askari na cha mpakani, tutakuwa tumekifukuza mara ya pili. Usanifu una mahali pake, na mtihani utaudai. Lakini ngeli za nomino hazijawahi kumwondolea mtu hofu. Inayomwondolea hofu ni kuisikia lugha ikitumiwa na mtu anayemheshimu, kwa jambo lisilo amri wala kipigo.

Ndiyo maana tunapendekeza wenzetu wa Jinja na Mbale walete muziki huu darasani, wakiwa wamechagua nyimbo kwa uangalifu. Wanafunzi wasikilize, watenge maneno ya Kiswahili na ya Kiganda, kisha waeleze ni wapi mghani amebadili lugha na kwa nini. Halafu waghani beti zao wenyewe. Albamu ya Yallah haikutungwa kufundisha Kiswahili. Imekitumia tu, bila kuomba radhi, kama mtu atumiavyo mali yake. Huo ndio ugeni uliokosekana katika historia ya lugha hii nchini Uganda, na jina la albamu ya mwaka 2019 linafaa kuwa somo la kwanza: kubali.