Sahihi ya kidijitali kwenye pakiti: namna ya kutambua dawa bandia

Dawa bandia ni dawa ambayo kibandiko chake kinadanganya: kinataja jina, kiwanda au nguvu isiyo ya kweli. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani (OMS) lilikadiria kwamba, katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, dawa 1 hivi katika kila 10 ni bandia au haina ubora unaotakiwa.

Yaliyotokea Ituri

Sisi wa Kongo tunalijua jambo hili. Kati ya Desemba 2014 na Agosti 2015, wagonjwa zaidi ya 1.000 huko Ituri walipatwa na kukakamaa kwa misuli ya uso, shingo na ulimi. Kwanza ilidhaniwa kuwa ni meninjiti. Maabara ikaonyesha kwamba vidonge vilivyoandikwa diazepamu vilikuwa na haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili. Kwa macho tu, muuguzi hawezi kutambua udanganyifu wa namna hiyo.

Namna sahihi inavyofanya kazi

Msimbopau wa kawaida, ule wa mistari myeusi, hutaja aina ya bidhaa tu. Msimbo wa mraba wenye vidoto, uitwao Data Matrix, hubeba zaidi: namba ya bidhaa, namba ya fungu, tarehe ya mwisho wa matumizi, na namba ya pekee ya pakiti hiyo moja.

Lakini yeyote mwenye mashine ya kuchapa anaweza kutunga namba. Ndiyo sababu huongezwa sahihi ya kidijitali. Mtoa sahihi ana funguo mbili zinazoshirikiana kwa hesabu. Ufunguo wa siri hautoki kwake. Ndio unaotia sahihi habari za pakiti. Ufunguo wa wazi hupewa watu wote, nao hutumika kuhakiki tu. Tarakimu moja ikibadilishwa, sahihi haikubali tena. Mdanganyifu asiye na ufunguo wa siri hawezi kutunga namba mpya ikapita. Tena, simu iliyokwisha kuwekewa ufunguo wa wazi inaweza kuhakiki hata pasipo intaneti.

Mipaka yake

Sahihi haizuii kunakiliwa. Mtu akichukua pakiti moja ya kweli na kuchapa msimbo wake mara elfu, nakala zote zitakubaliwa. Kwa hiyo panahitajika pia daftari la pamoja la namba: dawa ikitolewa kwa mgonjwa, namba yake inafungwa, ikionekana mara ya pili, hatari inajulikana. Nchi nyingi za Umoja wa Ulaya zinafanya hivyo kwa dawa za kuandikiwa na daktari tangu tarehe 9 Februari 2019. Urusi, tangu 2020, inatumia namba ya pekee pamoja na msimbo wa siri. Huko Ghana, mPedigree ilianzisha njia nyepesi: mnunuzi anakwangua kibandiko, anatuma namba kwa ujumbe wa simu, anapata jibu.

Zaidi ya hayo, sahihi inashuhudia pakiti, haishuhudii kidonge. Boksi la kweli linaweza kujazwa dawa ya uongo. Na vidonge vinavyohesabiwa kutoka kopo kubwa na kufungwa katika karatasi havimfikishii mgonjwa msimbo wowote.

Kwa vituo vya afya vya Kanisa

Makanisa yetu yanaendesha hospitali na vituo vya afya katika zone nyingi za afya. Hata kabla ya mashine kufika, haya yanawezekana:

- kununua kwa depo inayotambuliwa na serikali, na kutunza faktura;
- kuandika namba ya fungu la kila dawa inayoingia;
- kuacha dawa katika boksi lake hadi siku ya kuitoa;
- kuharibu maboksi na chupa tupu, zisiuzwe sokoni;
- wagonjwa wakionyesha dalili zisizo za kawaida, kusimamisha dawa hiyo, kutunza iliyobaki, na kumjulisha mganga mkuu wa zone.

Mithali 11:1 inasema juu ya mizani ya mfanyabiashara. Kibandiko cha dawa nacho ni mizani: mnunuzi haoni kilicho ndani, anategemea ukweli wa anayemuuzia. Mashine inaweza kumfunua mwongo. Kumkataa mlangoni, hata dawa yake ikiwa ya bei nafuu, ni kazi yetu sisi.