Farasi na Mashine za Yonkers

Uwanja wa Yonkers, jirani na jiji la New York, ulifunguliwa mwaka 1899 kwa mbio za farasi wavutao vigari. Mwaka 1907 wakaingia farasi wa kupandwa mgongoni. Mwaka 1950 vigari vikarejea, na maelfu ya watu wakakusanyika usiku chini ya taa. Baadaye watazamaji walipungua. Mwaka 2006 zikaletwa mashine za kamari, na sheria ikatenga sehemu ya mapato yake kwa zawadi za mbio. Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mwenyeji alipona kweli; lakini tangu hapo farasi, aliyeijenga nyumba, hula kwa mkono wa mgeni, na alishwaye hana kauli jikoni.