Kisu cha kukunja na majembe ya Tabora

Najua kimya kimekuwa kirefu, lakini si mnajua tena, majaribio ya katikati ya muhula na foleni ya maktaba. Leo sina habari za chuo. Nina kisu.

Ndiyo, kisu. Kile cha kukunja, cha mfukoni. Nimekinunua wiki iliyopita hapa Tabora mjini kwa machinga mmoja, shilingi elfu nne baada ya kuvutana sana (yeye alianza na elfu saba). Mpini ni wa mbao iliyopakwa rangi ya kahawia, umeshikwa na ripiti tatu. Bapa lina urefu wa kidole changu cha kati na ziada kidogo, na juu yake kuna kimfereji cha kuingizia ukucha unapolifungua. Likifunguka linalia "ka!", na kuna kichuma kinachozuia lisijifunge likakukata vidole. Jina la kiwanda hakuna. Nimekijaribu kwa embe, kwa penseli na kwa kamba ya katani. Embe limekatika vizuri, penseli imechongeka, ila kamba ndiyo imenionyesha kwamba makali ya dukani bado si makali, lazima nikinoe. Mkono ukiwa na jasho ni kigumu kufungua. Kwa jumla nimekipenda, tena kuliko inavyotakiwa kwa mtu mzima wa mwaka wa tatu.

Sasa mwenzangu wa chumbani alipokiona akacheka: "Mwanangu, hivyo hivyo ndivyo tulivyopatikana. Wageni walileta visu na shanga, mababu wakatoa pembe za ndovu." Sentensi hiyo nimeisikia kwenye semina karibu zote tangu mwaka wa kwanza. Wanaoisema huwa wanaisema kwa uchungu wa kweli, na mimi uchungu huo sina ugomvi nao. Nina ugomvi na picha iliyomo ndani yake: babu yangu amesimama kando ya njia, mdomo wazi, anashangaa kitu kinachong'aa. Kwa hiyo jamaa yangu, jibu lako hili hapa, soma ukiwa umekaa.

Tuanze na chuma chenyewe. Kabla hajafika mgeni yeyote wa pwani huku Unyamwezi, chuma kilikuwepo. Kaskazini magharibi yetu, huko Uzinza upande wa Geita, kulikuwa na Warongo, watu ambao kazi yao ilikuwa kuyeyusha mawe ya chuma kwa mkaa na mivukuto na kufua majembe. Hayo majembe yaliteremka hadi Unyamwezi, na soko la Tabora mwishoni mwa karne ya 19 lilikuwa linapitisha majembe kwa makumi ya maelfu kila mwaka. Usidhani ni ya kulimia tu. Jembe lilikuwa pesa. Mahari ililipwa kwa majembe. Wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wanateremka pwani walibeba majembe ili wakifika Ugogo, ambako chuma kilikuwa adimu, wanunue chakula na kulipa hongo kwa wenye nchi. Yaani mtu anatembea miezi kadhaa kwenda baharini, na kibindoni mwake fedha yake ni jembe lililofuliwa na mhunzi wa bara.

Na shaba? Waliifuata Katanga. Msiri, aliyekuja kuwa mtawala mkubwa kule Katanga hadi alipouawa mwaka 1891, alikuwa Msumbwa wa huku huku kwetu, na familia yake ilikwenda kule kwa biashara ya shaba. Kwa hiyo njia tunayoiita "njia ya misafara ya Waarabu" ilikuwa na watu juu yake kabla Waarabu hawajajua maji yanapatikana wapi. Wanyamwezi ndio walioshuka pwani kwanza. Wafanyabiashara wa pwani walipanda baadaye kwa kufuata nyayo hizo.

Burton na Speke waliingia hapa tarehe 7 Novemba 1857, wakati huo wakipaita Kazeh, wakapokelewa na mfanyabiashara wa Kiomani, Snay bin Amir. Ukisoma Burton (dharau zake zitakuchosha, lakini mtu alikuwa anahesabu kila kitu) utaona mizigo ya misafara ilikuwa ya aina tatu hasa: nguo, shanga na waya. Mpagazi mmoja alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Visu vilikuwemo, lakini kama zawadi, si mzigo wa kutegemea. Hapo ndipo mimi nilipokaa nikafikiri. Kama watu wa bara walikuwa wanababaishwa na chochote kinachong'aa, mbona wafanyabiashara hawakujaza visu na majembe ya Ulaya? Kwa maoni yangu ni rahisi: kubeba chuma kutoka pwani kwenda kwa watu wenye chuma ni hasara. Ungevunja migongo ya wapagazi kilomita mia nane halafu ukute sokoni jembe la Mrongo linakusubiri, bei poa.

Na hizo shanga zinazodharauliwa! Burton anataja aina zipatazo 400. Aina 400, jamani. Kijiji hiki kinataka nyekundu zile za samesame, kingine hazitaki hata bure, kinataka nyeupe au nyeusi. Ukikosea, mzigo wako mzima ni takataka, na huna cha kulishia watu wako. Stanley alipofika Unguja mwaka 1871 kujiandaa kumtafuta Livingstone, kitu kilichomnyima usingizi ni hicho: nguo gani, shanga gani, waya mnene kiasi gani. Vitabu vya wasafiri havikumsaidia, ikabidi akaulize wafanyabiashara wa pembe. Huyo ni mtu mwenye fedha za gazeti la New York nyuma yake, na anaumiza kichwa kwa sababu ya matakwa ya mama mmoja sokoni Ugogo.

Nguo nayo ni hivyo hivyo. Merikani ilitoka kweli Marekani, ikiletwa na meli za Salem, Massachusetts, hasa baada ya mkataba wa biashara wa mwaka 1833 na Sayyid Said. Waingereza walijaribu kuiiga; wanunuzi wakaishika, wakaivuta, wakaitambua. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) vilipokata pamba, nafasi ikachukuliwa na nguo za Uingereza na za Bombay, lakini jina likabaki merikani mpaka leo. Ukitaka kuuza bara ulifuata matakwa ya bara. Hiyo si picha ya mtu mdomo wazi.

Lakini nisijifanye wakili wa njia ile. Kwenye njia hiyo hiyo watu walipita wamefungwa shingoni, wakiuzwa kama mizigo. Mtu aliyekuwa kwenye mnyororo hakuchagua shanga wala nguo, na hoja yangu yote ya "mnunuzi mkali" haimhusu hata chembe. Tena wanunuzi wakali wengine walikuwa wanalipa kwa watu. Na kulikuwa na chuma kimoja cha nje ambacho mhunzi wa huku hakuweza kukishindana nacho, bunduki. Mirambo alipofunga njia mwaka 1871 na kupigana na Waarabu wa Unyanyembe, hakuifunga kwa majembe. Kwa hiyo mwenzangu, uchungu wako una mahali pake. Ila mahali pake ni kwenye minyororo na baruti. Shanga ziache.

Sasa turudi kwenye visu vya kukunja, maana ndivyo vilivyonifanya niandike. Kisu cha aina hii kinachojulikana zaidi Afrika ni Okapi. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, na kilitengenezwa makusudi kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni ya Wajerumani ya Afrika, yetu ikiwemo. Jina ni la yule mnyama wa msitu wa Ituri, Kongo, aliyetangazwa kwa wanasayansi wa Ulaya mwaka 1901 (Wambuti walikuwa wanamjua siku zote, lakini hawakuulizwa). Mpini wa mbao, vinjumu vya nyota na mwezi, bei ya mtu wa kawaida. Kikapendwa hadi Jamaika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 jina na utengenezaji vikahamia Afrika Kusini, na huko ndiko vinakotoka sasa. Cha kwangu si Okapi, ni binamu yake asiye na cheti cha kuzaliwa, lakini umbo ni la ukoo ule.

Kwa nje utasema ni hadithi ile ile ya samesame: kiwanda cha mbali kinatengeneza kitu kwa kufuata mteja wa Afrika. Mimi naona kuna kitu kilishabadilika kufikia 1902. Wajerumani walipandisha bendera hapa Tabora mwaka 1890. Isike, mtemi wa Unyanyembe, aliwapinga hadi Januari 1893 boma lake lilipoanguka naye akafa. Mwaka 1898 kodi ya nyumba ikaanza. Serikali ya rupia haina haja na jembe lako la mahari, inataka rupia. Reli ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na chuma cha Ulaya ambacho zamani kingevunja mgongo wa mpagazi sasa kinakuja ndani ya behewa. Majembe ya kiwandani yakaja kwa wingi na kwa bei ndogo. Mrongo pale tanurini, na mkaa wake wa siku nyingi, angefanyaje? Mnunuzi alikuwa bado anachagua, ila mezani kilichokuwa cha mhunzi kilipungua mwaka hadi mwaka.

Hapo ndipo ningependa semina zetu zibishane. Tunabishana sana kama babu alikuwa mjinga wa shanga, swali ambalo Burton mwenyewe alishalijibu bila kutaka. Tunamsahau mhunzi, ambaye hakudanganywa na mtu, alipigwa bei.

Kitu kimoja zaidi kabla sijaenda kupanga foleni ya maji. Mwaka 1916, Wajerumani wamezingirwa na sarafu zimewaishia, karakana ya reli hapa Tabora iligeuzwa kiwanda cha fedha. Walipiga heleri kwa shaba, nyingine ya maganda ya risasi, na sarafu za dhahabu za rupia 15, dhahabu ya Sekenke, zenye picha ya tembo, zaidi ya elfu kumi na sita. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakauchukua mji. Leo wakusanyaji sarafu wa Ulaya wanaitafuta ile ya tembo kwa bei ambayo boom la miaka yote mitatu halifiki.

Na wahunzi bado wapo. Siku hizi wanafua panga na visu kwa springi za magari mabovu. Havikunjwi, havina kichuma cha kulia "ka!", na mpini ni kijiti tu. Jana niliazima kimoja kwa mzee anayeuza miwa karibu na geti letu, nikakijaribu kwenye ile ile kamba ya katani. Ilikatika mara moja.