Kazi ya Kipande katika Ufyekaji wa Nyasi

Kazi ya kipande ni utaratibu wa kugawa kazi katika sehemu zinazopimika, kila sehemu ikapewa mtu au kikundi kwa ujira uliokubaliwa kabla ya kuanza. Katika ufyekaji wa nyasi, anayepatana na mwenye eneo ni mkandarasi. Anayepokea sehemu kutoka kwake ni mkandarasi mdogo.

Asili ya jina

Wakati wa ukoloni nchini Tanganyika, kipande kilikuwa kadi ya kibarua: siku 30 za kazi, zikamilishwe ndani ya siku 42. Nyanda za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, zinakijua vizuri. Waha wengi, wenyeji wa huko, waliandikishwa kwenda kwenye mashamba ya mkonge Tanga, hasa baada ya wenye mashamba kuunda shirika la uandikishaji, Silabu, mwaka 1944. Waliitwa manamba. Kadi ilikwisha, jina likabaki kwa kazi inayolipwa kwa kipimo.

Manyovu

Mfano wa mahali pa kazi hii ni Manyovu, iliyo mpakani na Burundi. Ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kasulu hadi Wilaya ya Buhigwe ilipoanzishwa mwaka 2012. Mvua huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi karibu Mei, na katika miezi hiyo nyasi hufunika mitaro upesi. Barabara kuu, ikiwemo ya Kabingo–Kasulu–Manyovu yenye urefu wa kilomita 260 hivi, ziko chini ya Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS). Za wilaya ziko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanza mwaka 2017. Ufyekaji huingia katika kandarasi za matengenezo ya kawaida, pamoja na kuzibua mitaro na makalvati. Kanuni za ununuzi wa umma zimetenga asilimia 30 ya ununuzi huo kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu.

Mapatano

Kipande hupimwa kwa kamba au kwa hatua, na kigingi huchomekwa kila mwisho. Mapatano yaliyokamilika hutaja mambo matano: urefu na upana wa kipande, kimo cha nyasi zitakazobaki, zilizokatwa zitupwe wapi, nani analeta fyekeo, tupa ya kunolea au mafuta ya mashine, na ujira pamoja na siku ya kulipwa. La tatu ndilo husahauliwa. Nyasi zikiachwa mtaroni, mvua ya kwanza huzisukuma hadi kwenye kalvati, maji yakakosa njia, yakapanda barabarani. Mfyekaji atasema kipande chake kimekwisha. Msimamizi wa barabara atakikataa.

Wajibu

Kutoa kipande hakumwondolei mkandarasi wajibu wake: kazi ikiharibika, mwenye eneo humdai yeye. Kandarasi nyingi humtaka apate kwanza kibali cha maandishi cha mwenye kazi kabla ya kumpa mwingine sehemu yake. Usalama nao haugawiki kwa kamba. Mashine hurusha mawe, na kabla ya kuwasha ni lazima ijulikane nani analeta miwani na viatu, na nani atamgharamia aliyeumia.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua hata mapatano ya mdomo, lakini kuyathibitisha bila karatasi wala shahidi ni kazi ngumu. Mkandarasi mdogo hana mkataba na mwenye eneo. Ujira wake humdai yule aliyempimia kipande.